Mvua ya Afisi ya Kikwajuni

Saa sita na nusu mchana, katika afisi ya umwagiliaji Kikwajuni, Khalil alikuwa akimenya chungwa juu ya gazeti la jana, pale mvua ilipoanza kunyesha ndani ya kompyuta yake. Ilinyesha juu ya majaruba ya mpunga yaliyochorwa kwenye kioo, taratibu, kisha ikachuruzika ukingoni mwa kioo na kumwagikia mezani. Khalil alisogeza chungwa lake, akaweka ndoo chini, akaendelea kula.

Kompyuta hiyo kazi yake ilikuwa kulima kabla watu hawajalima. Ukiipa udongo, mbegu na mvua, inakwambia mpunga utakuwaje mwaka huu na miaka ishirini ijayo. Wakubwa waliiita modeli, na waliiamini kuliko macho yao. Ilikuwa imeshasema kwamba bonde la nyuma ya Bububu linapata mvua mara tano kila siku, kwa hiyo halina haja ya mfereji. Basi afisi ikalitia kufuli lango la maji, na maji yakapelekwa kwenye bustani ya hoteli moja ya ufukweni. Ufunguo ukatundikwa msumarini, juu ya kompyuta.

Siku ya tatu ya mvua hiyo alikuja Bi Tabia, mkulima wa bonde hilo, na ndoo yake.

"Shikamoo, Bi Tabia."

"Marahaba, mwanangu. Nimesikia mvua yetu inanyesha kwako."

"Inanyesha. Karibu, lakini angalia miguu, panateleza."

Bi Tabia aliinama mbele ya kioo. Aliyaona majaruba yake mawili kando ya mshelisheli, kijani kitupu, na akajiona mwenyewe akipalilia, kanga imerowa, kanenepa kidogo.

"Huyo hali yake nzuri," alisema. "Mie majaruba yangu yamepasuka, mguu unaingia. Mpunga unabeba mimba, Khalil. Ukikosa maji wiki mbili hizi ntavuna mapepe, maganda matupu, na nna wajukuu wanne ndani. Nifungulie lango."

"Siwezi, Bi Tabia. Mpaka modeli iseme pana ukame."

Alilisema kwa upole, maana hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo linalokera.

"Haya, basi niteke."

Akateka. Kuanzia hapo alikuja kila siku, akajaza ndoo ya mchana na ndoo ya alasiri, akarudi nazo Bububu. Mvua za alfajiri, magharibi na isha zilimwagika bure, afisi imefungwa. Siku ya sita, akiwa amekaa kwenye kiti cha wageni, alitanabahi kwamba mvua haianzi mpaka adhana iishe. Alirudi kijijini akaenda moja kwa moja msikitini kwa Mzee Jaku, mwadhini.

Uani mwa msikiti palikuwa na kipimamvua cha afisi, chenye betri na laini ya simu, kikituma habari ya kila tone Kikwajuni. Kilisimama hatua moja kutoka kwenye mabomba. Kila aliyetawadha akikung'uta mikono, matone yaliruka yakaingia ndani.

"Walikiweka hapa kwa ajili ya ukuta, mbuzi wasikifikie," alisema Mzee Jaku. "Nliwaambia kitaroa. Wakaniambia wao ndio mafundi." Akafikiri kidogo. "Lakini maji hayo ni tahiri, hayana najisi, Bi Tabia. Mpunga yanaufaa. Usiyatawadhie tena tu."

Khalil alipoambiwa alikwenda mwenyewe, akakiona, akakipiga picha, akaandika barua ndefu. Wakubwa walikutana siku mbili. Walijibu kwamba kosa wameliona. Lakini hesabu zile zimeshaingia katika mpango wa miaka ishirini, na hoteli imeshapanda majani. Kipimamvua kitahamishwa bajeti ikiruhusu. Kwa sasa wananchi wa bonde wanaruhusiwa kuteka mvua ya afisi, kwa foleni, ndoo mbili kila mtu, wavue viatu mlangoni.

Ndoo mbili si mfereji. Bi Tabia alichagua pembe ya jaruba upana wa kitanda, akainywesha hiyo peke yake. Kwingine kote aliutazama mpunga ukitoa masuke yaliyosimama wima, mepesi, hayana kitu cha kuyainamisha. Siku ya kuvuna alipata pishi mbili. Alikaa juu ya tuta akalia kwa sauti, na hakuna aliyemwambia anyamaze.

Siku hiyohiyo yule Bi Tabia wa kwenye kioo alivuna magunia kumi na mbili. Mkubwa mmoja alimwita Bi Tabia afisini, akampa hati ya mkulima bora, yenye jina lake na idadi ya magunia. Bi Tabia aliipokea kwa mikono miwili, akauliza kama anaweza kuteka leo, ana miche ya msimu ujao.

"Teka, Bi Tabia, teka," alisema mkubwa, akaenda zake.

Khalil alikuwa akiutazama ukuta. Ufunguo wa lango ulikuwa umeanza kushika kutu kwa mvua ile. Aliutungua, akaufuta kwa leso, akaupaka mafuta ya nazi, kisha akautundika ukuta wa pili, mahali pakavu.

"Usije ukaharibika," alisema.

"Vizuri," alisema Bi Tabia.

Adhana ya alasiri ilikuwa ikimalizikia. Akaweka ndoo.