Simu Isiyowika Usiipokee

Mtu akihamia kisiwani hufunga godoro, sufuria na chandarua. Selina alivifunga vyote hivyo, lakini kilichomnyima usingizi kilikuwa kitu kidogo kuliko ukucha: laini ya simu.

Laini yake ya zamani ilikuwa ya mtandao wa Nyota, na ilisajiliwa kwa jina la Obedi, baba wa mtoto wake. Obedi alikwisha kwenda zake na mwanamke mwingine, lakini jina lake lilibaki ndani ya simu ya Selina kama harufu ya mafuta ya taa kwenye chupa. Sasa namba yake ya kitambulisho ilikuwa imetoka. Kwa mara ya kwanza angeweka kidole chake mwenyewe kwenye kile kimashine, apate laini yenye jina lake.

"Nikusajilie mtandao gani?" aliuliza Gladness, wakala aliyekaa chini ya mwavuli pale Buhongwa.

"Ule unaoshika kisiwani. Namagoye."

"Namagoye sijawahi kufika, dada yangu. Hicho kitochi kinakula laini mbili?"

"Moja. Upande wa pili ulikufa simu ilipotumbukia kwenye ndoo."

"Basi usibahatishe. Kaulize wenyeji, halafu urudi."

Kuuliza! Selina angeambiwa abebe gunia la mahindi angebeba bila kinyongo. Aliacha shule darasa la tano, na tangu siku alizokuwa akisimamishwa kusoma mbele ya wenzake, maneno yakamgomea na darasa zima likacheka, alikuwa mtu wa kumeza swali lake na kuondoka nalo. Lakini safari hii alijikaza, akaenda soko la dagaa Kirumba.

Wanawake wa Namagoye walikuwa wamekaa juu ya magunia yao, wanacheka kwa sauti kubwa. Mmoja alimpandisha Selina macho na kumshusha, kutoka kilemba hadi ndala. Selina akawapita kama hakuwa na shida nao. Mbele kidogo kulikuwa na wavuvi wanashona wavu, na kijana mmoja, Nestory, akamwanza yeye mwenyewe.

"Mbona unazunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia?"

Selina alicheka, na kicheko kikamfungua mdomo. Akauliza.

"Radi!" alisema Nestory. "Namagoye ni Radi tu. Tukiwa ziwani tunaongea na wake zetu mpaka wanatuchoka."

Wenzake wakaitikia. Selina alirudi Buhongwa na moyo mwepesi, akasajili laini ya Radi, na ile ya Obedi akaikata vipande viwili kwa mkasi wa Gladness. Namba zote za watu alizokuwa amezihifadhi kwenye laini ile zilikatika nazo. Hakujali. Namba aliyoihitaji duniani ilikuwa moja, na hiyo aliijua kwa moyo.

Ilikuwa namba ya mama yake, Ng'washi, huko Misungwi. Ng'washi ndiye angebaki na Luhende.

Luhende alikuwa na miaka mitano na alizaliwa na selimundu. Siku za kawaida alikimbiza mbuzi kama watoto wengine. Lakini baridi ikimpiga au akikosa maji, maumivu yalimshika kwenye mifupa, akajikunja na kupiga kelele, na hapo kungoja ni kucheza na roho yake. Ng'washi alimpenda mjukuu wake kupita kiasi, ila alikuwa mwoga wa hospitali na mwepesi wa mizizi. Mara zote ni Selina aliyemsukuma kwa simu: mpeleke, mama, mpeleke sasa hivi.

Ng'washi hakujua kusoma. Simu yake ilikuwa na kipande cha plasta juu ya kitufe cha namba mbili, na alijua jambo moja: ukibonyeza plasta ukaishikilia, Selina anapokea. Kwa hiyo kabla ya kwenda kisiwani Selina alipitia Misungwi, akafuta namba ya zamani chini ya plasta na kuweka mpya. Kisha akaiwekea mlio wake: jogoo.

Haukuwa mchezo. Mwaka uliopita mwanamume mmoja alimpigia Ng'washi, akajiita ofisa wa simu, akamwelekeza bonyeza hapa, bonyeza pale, na hela ya pamba ikayeyuka yote. Bibi wa watu alilia juma zima.

"Sasa sikiliza, mama," Selina alimwambia. "Simu ikiwika kama jogoo, ni mimi. Pokea. Isipowika, usiipokee hata ikilia mpaka ichoke. Ikizidi kukusumbua, izime."

"Na ikiwika halafu ikaongea sauti ya mwanamume?"

"Kata. Ujue simu yangu imeibwa."

Luhende alifurahia jogoo yule mpaka akawa anawika naye. Selina alimbusu, akamwachia sweta na dawa zake, akaondoka kabla machozi hayajamwaibisha.

Boti ya abiria iliyopeleka watu Namagoye kila Jumamosi ilimshusha alasiri. Kazi yake ilikuwa kuanika dagaa kwenye kambi ya mama mmoja mnene mwenye maneno mengi, Bernadeta. Majini, Selina alikuwa ameiangalia simu yake: vijiti vitatu vya mtandao. Akamshukuru Mungu na Nestory.

Kambi ilikuwa nyuma ya mlima wa mawe usiopandika wala kupitika kwa miguu, upande ambao jua linapiga vizuri na dagaa hukauka upesi. Boti ilipozunguka ule mlima kuingia ufukweni, kijiti kimoja kilianguka. Alipokanyaga mchanga, kikaanguka cha pili. Alipofika penye chanja za dagaa, simu ilikuwa imebaki na saa tu.

Aliinyanyua juu. Akaizima, akaiwasha. Akapanda jiwe, akapanda jiwe lililo juu ya jiwe. Wanawake waliokuwa wakigeuza dagaa wakaacha kazi kumtazama.

"Mgeni anaomba mvua!" alisema mmoja wao, Dorcas.

"Una laini gani?" aliuliza Bernadeta.

"Radi, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Huku ni Nyota tu, mwanangu. Ulimuuliza nani?"

"Wavuvi."

Kambi nzima ililipuka kwa kicheko. Bernadeta alijifuta macho kwa kanga. "Wavuvi wanaishi majini! Mnara wa Radi uko ng'ambo, unamulika ziwani, mlima unatuficha. Ungetuuliza sisi tunaolala huku. Si tulikuwa tumejaa pale Kirumba?"

Selina aliyakumbuka magunia na macho ya yule mwanamke. Kumbe jibu lilikuwa limekaa pale, na yeye akalipita kwa sababu ya ndala zake.

Aliomba simu ya Dorcas. Dorcas, ambaye mdomo wake ulikuwa mkali kuliko roho yake, akampa mara moja. Selina akapiga namba ya mama yake. Ikaita mpaka ikakatika. Akapiga tena. Ikaita. Alimwona mama yake kwa macho ya moyo, amekaa jikoni, simu inalia mlio wa kawaida mapajani mwake, naye anaitazama kama nyoka. Alipopiga mara ya tatu, simu ya Ng'washi ilikuwa imezimwa.

"Hapokei namba ngeni? Ana akili mama yako," alisema Dorcas. "Mwandikie ujumbe."

"Hajui kusoma."

"Mpigie jirani."

"Namba zilikuwa kwenye laini niliyoikata."

Dorcas akamwachia simu. "Jaribu tena asubuhi."

Upepo wa kusi ulivuma usiku kucha, ule wa baridi unaoingia mpaka chini ya blanketi, na Selina alilala anauhesabia kila mvumo kuwa umefika Misungwi. Asubuhi alijaribu tena kwa simu ya Dorcas. Ikaita, haikupokelewa. Jioni, mitumbwi ilipokuwa inajiandaa kutoka na taa zake, alimfuata nahodha Ndalahwa, akapiga goti mchangani.

"Baba, naomba mnichukue. Mpaka pale tu mtandao unaposhika. Niongee na mama, basi."

Ndalahwa hakuwa mtu mbaya. Alimwinua kwanza ndipo akamkatalia. "Binti yangu, mwanamke hapandi mtumbwi wa kuvulia. Nikikupandisha, hawa vijana watashuka wote, na usiku wakikosa dagaa watasema ni wewe. Ngoja boti ya Jumamosi."

"Nipe simu yako niende nayo," alisema Nestory, mmoja wa vijana wa mtumbwi ule, ambaye tangu aliposikia kicheko cha wanawake alikuwa hawezi kumtazama Selina usoni. "Akipiga nitapokea, nimweleze."

Selina alimpa. Hakukumbuka lile agizo lake la sauti ya mwanamume mpaka taa za mitumbwi zilipokuwa zimekwisha kufika mbali, zinameremeta kama mji. Akakaa chini, akashika kichwa.

Asubuhi Nestory alirudi na uso wa mtu aliyefiwa.

"Alipiga," alisema. "Tulipolipita tu lile jiwe la mwisho, meseji zikaingia mfululizo, kwamba mama yako amekutafuta tangu jana. Halafu ikaita. Nikapokea, nikasema shikamoo mama, mimi ni Nestory. Akapiga kelele. Akasema, 'Mwizi! Mmemfanya nini mwanangu?' Akakata. Nikasikia na mtoto, dada. Kwa nyuma. Mtoto analia."

Selina hakulia. Aliitwaa simu mkononi mwake. "Jiwe lipi?"

"Lile pale. Lakini huko ni..."

Hakumsikia mwisho. Aliingia majini na gauni lake. Hakujua kuogelea; watu wa kwao ni watu wa pamba na ng'ombe, na ziwa walilitazama kwa mbali. Kutoka ufukweni kulikuwa na ulimi wa mchanga uliokwenda kando ya mawe, na aliufuata kwa nyayo, anapapasa. Maji yakamfika magotini, kiunoni, kifuani. Nyuma yake Bernadeta alikuwa anapiga kelele: "Toka huko! Kuna mamba huko, mtoto wa watu!" Simu aliishika juu ya kichwa kwa mikono miwili. Wimbi likampiga shingoni, akameza maji, akakohoa, akasogea. Alipofika usawa wa jiwe la mwisho alijigeuza akaangalia juu. Kijiti kimoja.

Akapiga, akaweka sikioni.

Huko Misungwi jogoo aliwika. Hakuweza kumsikia, lakini alijua.

"Wewe nani?" Ilikuwa sauti ya Ng'washi, ya woga.

"Mama, ni mimi."

"Selina? Jana kulikuwa na jizi kwenye simu yako!"

"Si mwizi, ni mtu mwema. Luhende yukoje?"

Ng'washi akaanza kulia. "Amejikunja tangu juzi usiku. Nimemkanda, nimempa mizizi. Macho yamekuwa ya njano. Sasa hivi halii sana, analala lala. Nilikuwa nakupigia wewe uniambie."

"Nenda kwa Josephat. Mwambie awashe pikipiki."

"Kwa Josephat? Na ng'ombe wake walivyonilia mahindi? Tangu Pasaka hatusalimiani."

"Mama, nimesimama ndani ya ziwa."

"Ndani ya nini?"

"Maji yananifika shingoni. Nikisogea hatua moja simu inakata. Mpakate mtoto uende kwa Josephat, halafu umpe simu. Nitaongea naye mimi. Wewe usiseme neno."

Alisikia blanketi, mlango wa bati, pumzi za mama yake anayepanda njia na mzigo. Alisikia kuku. Kisha karibu kabisa na simu, sauti nyembamba iliyokauka:

"Bibi, jogoo kawika."

"Kawika, baba," alisema Ng'washi. "Nyamaza, tunafika."

Selina aliuma mdomo mpaka akasikia ladha ya damu. Hakutaka mtoto asikie sauti yake ikivunjika. Miguu ilikuwa imekufa ganzi na mchanga ulikuwa unahama chini ya vidole vyake, kidogo kidogo, kama kitu kinachomchimbia. Akabadilisha mkono wa kushika simu.

"Haloo?" Sauti ya mwanamume, nzito. "Josephat hapa."

Yule Selina wa kumeza swali lake na kuondoka nalo hakuwepo. "Kaka Josephat, ya mahindi tutayamaliza nikirudi, nitapiga goti mimi. Mpeleke mwanangu hospitali ya wilaya. Waambie ana selimundu, waambie hivyo mlangoni kabla hawajauliza. Apewe maji na dripu. Kaka, nakuomba."

"Yamekwisha hayo," alisema Josephat. "Bibi, panda. Mweke katikati."

Pikipiki ikawaka, ikazima, ikawaka. Ng'washi akaipokea simu.

"Selina, usikate. Nikifika watanisemesha Kiswahili chao cha haraka, nitaogopa, nitarudi naye."

"Sikati."

Kengele ndogo ikalia sikioni mwa Selina: chaji inaisha. Wimbi jingine likaja, likamnyanyua, na kwa kitambo mguu wake ukatafuta mchanga bila kuuona. Mkono ukashuka. Hapo kitu kizito kikamshika kiunoni kwa nyuma, akadhani ni mamba, kumbe ni Bernadeta, ameingia na kanga zake zote, kamba ya wavu imefungwa tumboni mwake. Mwisho mwingine wa kamba walikuwa wameushika Dorcas na wanawake wa kambi, na nyuma yao Nestory na nahodha Ndalahwa mwenyewe.

"Una kiburi wewe," alisema Bernadeta, anahema. "Ongea. Nimekushika."

Akaweka bega lake chini ya kiwiko cha Selina, mkono ukapanda tena.

Kwenye simu ulivuma upepo wa barabarani na mngurumo wa pikipiki. Kengele ya chaji ililia mara ya pili. Katikati ya mngurumo ule Luhende alianza kulia, kwanza kwa kujivuta, halafu kwa nguvu, kilio cha mtoto anayeumia kila tairi linapopita shimoni. Selina aliibana simu sikioni. Hakuwahi kudhani angeomba mwanawe aendelee kulia, lakini ndilo aliloomba, midomo yake ikigusa maji.

"Upo?" aliuliza Ng'washi kwa kelele.

"Nipo, mama. Mko wapi?"

"Naona bati za hospitali."