Uchachu wa Pipa Kuu

Bia ilitoka kwenye koki ya pipa kuu polepole, nzito mfano wa asali iliyoungua, ikatua ndani ya bilauri bila kishindo. Povu lake lilijikusanya juu, jembamba, lenye rangi ya ngozi ya kiatu kipya. Len Salt, mtunza mapipa wetu, aliinyanyua bilauri mbele ya dirisha, na mwanga ukakataa kupita.

"Nyeusi kama roho ya mama mkwe wangu," alisema.

"Len, heshimu chumba," nikamkemea.

"Nimeheshimu, Mzee. Hata shati nimepiga pasi."

Chumba cha kuonjea cha kiwanda chetu hapa mjini Burton kina desturi yake. Mkubwa kwa umri ndiye anayeonja kwanza, na hapana anayefungua kinywa kuihukumu bia kabla yake. Akiinywa bilauri yake hadi mwisho, bia inakwenda sokoni. Akiiweka chini na bia ingalimo, pipa zima linamwagwa. Nafasi hiyo niliachiwa na mpishi mkuu wa bia aliyenifundisha kazi, na hata baada ya kustaafu sikuitoa kwa mtu. Niliionea fahari. Watu walivaa tai kwa sababu yangu.

Siku ile bia ilikuwa ya mjukuu wangu, Bryony. Ilikuwa ile bia nyeusi kali tunayoiita ya kifalme, ambayo wazee wetu waliipika kwa ajili ya makasri ya Urusi, na ambayo haiivi mpaka ilale katika mbao za mwaloni mwaka mzima na zaidi. Gerald Orme, mwenye kiwanda, alikuwa amemwambia waziwazi, nami nasikia: bia hii ikifaulu, wewe ndiye mpishi mkuu, ikiharibika, pipa kuu litavunjwa, nawe utafute riziki kwingine.

Walilokuwa hawalijui ni kwamba pua yangu ilikuwa imekufa. Homa ya majira ya baridi iliondoka nayo. Mke wangu alipata kuunguza mkate jikoni hadi moshi ukatambaa darini, nami nimekaa mezani nasoma gazeti. Nilimwambia kwamba nilikuwa nimezama katika habari. Nilijipa moyo kwamba ulimi wangu, uliosomeshwa kwa umri mzima, ungetosha.

Nikanywa funda la kwanza.

Nilipata uchungu. Nilipata utamu uliotangulia uchungu huo, na joto la kileo likishuka kifuani kama mtu ashukaye ngazi kwa heshima. Uzito wake kinywani ulikuwa mzuri. Kisha, pembeni mwa ulimi, nikapata uchachu mdogo.

Uchachu huo una vyanzo viwili. Shayiri iliyokaangwa hadi ikawa nyeusi huuleta, na hapo huwa ni pambo la bia. Pipa lililoingiliwa na ugonjwa huuleta pia, na hapo huwa ni mauti yake. Ulimi hauwezi kuvitenganisha. Pua ndiyo huvitenganisha, na pua yangu ilikuwa nyumba isiyo na mtu.

Nikanywa tena. Nikaizungusha bilauri, nikaiinamia, nikavuta hewa. Ilikuwa hewa tu.

Nikavuta tena, na tena, bia ikiwa bado nusu bilauri. Nilipoinua macho, Len alikuwa ameacha kutabasamu, na Orme akashusha pumzi.

"Inatosha, Mzee Tunnicliffe," alisema kwa upole. "Tumekuelewa. Len, fungua koki."

"Sijasema neno!"

"Ungekuwa umeipenda ungekwisha kuimaliza."

Bryony alikuwa amesimama kando ya pipa, mikono nyuma, kama nilivyomfundisha kusimama mbele ya wakubwa. Hakuniomba kwa macho. "Sawa, Babu," alisema. "Kama imekufa, imekufa."

Imani yake ilinichoma. Nikaishika meza.

"Gerald, pua yangu imekufa. Tangu ile homa sisikii harufu ya kitu chochote. Siwezi kuihukumu bia hii."

Orme alinitazama kwa huruma iliyoniuma kuliko tusi. "Mzee wangu, naelewa. Ni damu yako. Hata mimi ningetafuta njia."

"Sijapata kusema uongo ndani ya chumba hiki."

"Ndiyo maana leo umeusema vibaya," akasema Len, wala safari hii hakucheka.

Jina jema nililolijenga kwa maisha yangu yote lilisimama mbele yangu kama ukuta, nami nikiwa nimefungiwa nje.

"Basi onjeni wenyewe," nikasema.

Walionja. Len alilamba midomo, akakunja uso, akaukunjua. "Tamu. Au... wewe waonaje, Bosi?"

"Kuna kitu," alisema Orme. "Au ni mwaloni?"

Kisha wote wawili wakanigeukia, wakanitazama kipaji cha uso na pembe za mdomo, wakingoja. Hapo nikatambua kwamba miaka yote ile hawakuwa wakionja bia. Walikuwa wakionja uso wangu.

Bryony alisogea, akaichukua bilauri mkononi mwangu. Alivuta harufu yake mara moja, akanywa, akafumba macho. Alipoyafumbua alimtazama Orme.

"Imwageni."

"Binti, unajua unachosema?"

"Najua. Inanuka rangi ya kucha, Bwana Orme. Imejificha chini, lakini ipo. Ikikaa zaidi itakuwa siki tupu."

Nilitamani kumzuia. Nilitamani kumwuliza kama ni pua yake iliyosema, au naye alikuwa ameusoma uso wangu uliokuwa mtupu. Lakini ningehakikisha kwa pua ipi?

Len akafungua koki hadi mwisho. Bia ilimwagika kwenye mfereji wa sakafuni, ikipiga povu la kahawia, ikienda zake. Orme aliivua tai yake, akaikunja, akaitia mfukoni, akatoka bila kuaga. Len akamfuata.

Tulibaki wawili juu ya mfereji. Mjukuu wangu hakulia.

"Inanukaje?" nikamwuliza.

Alinitazama, ndipo akaamini kwamba kweli sisikii harufu.

"Kahawa kwanza," alisema. "Halafu tende kavu, zile nyeusi zilizoshikana. Halafu mbao zilizolowa mvua."

Nilifumba macho, nikavuta pumzi ndefu.

"Endelea," nikamwambia.