Mtumwa wa Mhoja

Haya kanihadithia mama mkubwa, Mwanaasha, mwaka ule alipokuja kukaa kwangu Keko akitibiwa macho. Treni ikipiga honi, yeye anasonya.

Baba yake, mzee Kondo, alikuwa na minazi yake njia ya Pugu. Mjerumani akaikata, akapitisha reli, akaweka stesheni ndogo. Kibanda cha bati cha abiria wa daraja la juu. Sie wengine jua letu, mvua yetu. Bomba lilikuwapo, la kunywesha injini. Na mzee mwenyewe ndiye aliyebebeshwa mataruma, vile vipande vizito vinavyolaliwa na reli, begani, ndani ya shamba lake.

Miaka mingi baadaye mzee akafia nyumbani kwa Mwanaasha, jirani na stesheni, asubuhi. Aliusia azikwe Pugu, ubavuni mwa mkewe. Wakataka awahi treni ya mchana, azikwe kabla jua halijazama.

Karani wa stesheni, Akbar, alikuwa mgeni, ndio kwanza ameshuka kutoka Bara Hindi.

"Maiti ni mzigo," akasema. "Mzigo unapimwa."

Wakamweka mzee, na jeneza lake, kwenye mizani ya magunia ya mbata. "Kile chuma kilipotikisika," mama mkubwa aliniambia, "nilitamani nikitafune."

Hapo akaja Mhoja, mpagazi wa stesheni, Mnyamwezi. Wanyamwezi na sie Wazaramo ni watani, na msibani kazi ya mtani ni kuchokoza wafiwa wasizame kwenye kilio. Akashika jeneza.

"Huyu mtumwa wangu. Kakwepa kazi, anajifanya kafa. Hapandi treni bila ruhusa yangu."

"Mwongo we," akajibu Mwanaasha, machozi na kicheko pamoja. "Babu yako ndiye aliyemchotea maji babu yangu."

"Alichota, ila aliyatemea mate kwanza."

Wafiwa wakacheka. Akbar hakucheka. Akaweka kalamu chini.

"Mzigo una wenyewe wawili? Hiyo kesi. Haupandi."

Mhoja akaachia jeneza upesi. "Utani, bwana. Mie na hawa watani."

"Umesema mbele ya watu ni mali yako. Mzigo wa kesi unabaki. Ndiyo kanuni ya reli."

Wakamweleza, wakambembeleza. Treni ikaja, ikanywa maji yake, ikaondoka.

"Umemzuia baba yangu, Mhoja," akasema Mwanaasha.

Mhoja akageuka. Akaenda nyuma ya ghala, akarudi na toroli la mafundi wa reli, akaliweka relini na kupandisha jeneza.

"Ukilisukuma hilo, kesho usije kazini," Akbar akasema.

"Kesho ntakuwa nimechoka, bwana."

Wakasukuma kwa zamu mpaka Pugu. Mwanaasha akafuata nyuma, akiyakanyaga yale mataruma ya baba yake kwa kisigino, moja baada ya jingine, kama anayapiga.

Jua lilikuwa bado juu ya miti. Wanaume walimsimulia Mwanaasha baadaye, maana wanawake hawakufika kaburini: Mhoja aliruka kaburini kwanza, akalala, kama watani wafanyavyo. Wakangoja adai chake, ada ya mtani ya kutoka kaburini. Akasema tu, "Mtumwa wangu, niwie radhi," akatoka mwenyewe.

Jioni ile Mhoja, asiye na kazi tena, alikoroma barazani kwa wafiwa. Ndani wakalala mmojammoja. Treni ya kurudi mjini ikapita ikipiga honi. Mwanaasha akasonya, akajifunika kanga usoni, akalala na ngumi imefumbwa.