Simu Iliyooshwa Pamoja na Nguo za Marehemu

Duka la Rigobert pale mtaa wa Hewa Bora halikujua upweke. Wa kuchaji simu wapo, wa kununua vocha wapo, na wasio na shida yoyote ila masikio ndio wengi zaidi. Kazi yake ni kufufua vilivyokufa: diski za kompyuta zinazogonga ndani kama mtu anayebisha hodi, flashi zilizotafunwa na mbwa, simu zilizozama. Watu humwita Docteur, naye hakatai.

Lakini siku Abigaïl alipoiweka ile simu mezani, hata Docteur aliguna. Chini ya kioo kulikuwa na povu lililokauka, na kipande cha jani.

"Hii ilianguka mu maji?"

"Haikuanguka, Docteur. Baliifula pamoja na nguo."

Tantine Mwaba, shangazi wa marehemu mume wa Abigaïl, alikuwa amelijaza benchi peke yake. Hakuona aibu. "Ni mi niliifula. Bintu bya muntu alikufa tunafulaka byote mbele ya kugabula ku bandugu, kivuli yake isibakie mu nyumba. Simu nayo haikuwa kintu yake?"

"Na sabuni, tantine?" aliuliza Kiki, muuza mandazi wa pale mlangoni.

"Na sabuni, ndiyo! Ulitaka niifule na mafuta yako ya mandazi?"

Duka likaangua kicheko. Abigaïl hakucheka. Mumewe, Guelord, alikuwa dereva wa lori la samaki, na lori lilipinduka naye kwenye barabara ya kutoka Kilwa, ziwani, wakati wa mvua.

"Sura yake minaiona kila siku ku foto ya ku ukuta," alimwambia Rigobert kwa sauti ya chini. "Sauti njo inanitoroka. Mbele, nikifunga macho, nilikuwa namusikia. Sasa minasikia tu sauti yangu mwenyewe inamuigiza. Unitafutie sauti, Docteur. Ata moja."

Rigobert aliifungua simu ile kama anayepasua samaki mwenye miiba. Aliusugua ubao wake wa saketi kwa mswaki na alkoli, akang'oa kipande kilichoungua, akaazima betri ya simu nyingine. Abigaïl alikuwa akija, anakaa, anaondoka. Alasiri moja simu ikatetemeka, ikawaka. Rigobert hakufungua hata picha. Simu ya namna hii huamka mara moja tu, kuaga. Akanakili vyote kwenye kompyuta yake. Na kweli, kazi ilipokwisha, kioo kikazima, hakikuwaka tena.

Alikuwa na desturi yake: faili la kwanza hufunguliwa na mwenye mali, mbele ya watu, asije kesho akasingiziwa kwamba alichungulia ya wenzake. Basi Abigaïl akaja na tantine Mwaba, duka limefurika, akachagua ujumbe wa mwisho wa sauti. Guelord alikuwa ameurekodi siku ya ajali, lori limekwama matopeni, mtandao hakuna. Haukuwahi kumfikia mtu.

Kwanza ilisikika mvua. Kisha kikohozi. Kisha sauti, karibu mno, kama mtu amesimama kizingitini.

"Abigaïl."

Mvua.

"Abigaïl, unanisikia?"

Mkono wa Kiki ulibaki ndani ya beseni la mandazi. Tantine Mwaba akaruka kutoka benchi, akamziba Abigaïl mdomo kwa kiganja.

"Usiitike! Mufu akikuita jina, muntu haitikake! Ukiitika, unamufuata! Docteur, zima!"

Rigobert alinyoosha kidole kuzima, kikasimama hewani. Juu ya kile kiganja macho ya Abigaïl yalikuwa yanamtazama. Rigobert alishawaona wateja wakilia, wakimlaani, wakimpigia magoti. Macho yanayosihi namna ile hakuwahi kuyaona.

"Abi," ilisema sauti, na ndani yake mlikuwa na tabasamu lililochoka. "Itika basi."

Abigaïl akavibandua vidole vya shangazi, kimoja kimoja.

"Minakusikia, baba," alisema. "Niko hapa."

Mvua. Kisha Guelord akashusha pumzi, kama mtu anayetua mzigo.

"Bon," alisema. "Nilizani unalala."

Watu walitoka dukani bila kuagana. Mmoja aliisahau hadi simu yake kwenye chaji. Rigobert alijiambia kwamba rekodi ni rekodi, na kwamba mume aliyezoea kutaniana na mkewe humwachia nafasi ya kujibu. Lakini alijua hatathubutu kuisikiliza tena, ajue kile kimya cha kungojea jibu kina urefu gani pasipo mtu wa kuitika.

Alimhamishia Abigaïl kila kitu kwenye simu yake mpya. Nakala za wateja huzitunza, wasije wakapoteza tena. Hii aliifuta palepale.

Kutoka mlangoni aliwaona wakishika njia ya nyumbani, Abigaïl mbele na visikizio masikioni, tantine Mwaba nyuma, anahema.

"Abigaïl! Ningojee, miguu inaniluma! Abigaïl!"

Abigaïl alikwenda tu, kichwa kimeinama upande mmoja, kama anayenong'onezwa na mtu anayetembea naye. Hakuitika.