Hodi ya Mama Pacha

Tangu jana Mama Pacha hajatia kitu kinywani. Binti yake alipojaribu kumlisha aling'atwa mkono, ikabaki alama. "Dada, njoo," akalia kwenye simu. "Mimi nimeshindwa. Mama hanijui, ananiita mwizi."

Dada akafunika cherehani yake akaja. Jina hilo la Dada alipewa na watoto wa nyumba hii, enzi zile alipokuja kuishi nao, awalee mapacha mchana, jioni asome chuo. Alikuja na begi moja na woga wa kujaza gunia.

Siku ile ya kwanza alijifungia kwenye chumba alichopewa, pembeni ya stoo. Mara akasikia: "Hodi." Kisha tena: "Hodi, mwanangu." Dada akakodoa macho. Mwenye nyumba apige hodi kwake mwenyewe? Na yeye mgeni wa leo amkaribishe kwa kinywa gani? Akanyamaza kimya. Baadaye alipotoka kwenda msalani, almanusura amkanyage Mama Pacha, ameketi sakafuni ukumbini, mkate mapajani, chai imepoa zamani.

"Hujanikaribisha," akasema Mama Pacha, wala hakununa. "Nyumba yangu, lakini mlango huu ni wako."

Jamani! Dada alilia mpaka akapaliwa na mkate. Kwao walilala sita chumba kimoja, na tangu azaliwe hakuna mtu mzima aliyewahi kumwomba ruhusa ya jambo lolote.

Sasa binti alikuwa ameshashika kitasa cha chumba cha mama yake, bakuli la supu mkononi.

"Wee! Hebu acha," Dada akamzuia. "Unamvamia mtu mzima kama unaingia sokoni?"

"Dada, mama hakumbuki hata jina lake. Hodi ataijulia wapi? Supu itapoa."

"Na ipoe."

Akachukua bakuli, akajishusha sakafuni palepale ukumbini, magoti yakimlalamikia. "Hodi." Akangoja. "Hodi, mama." Binti akaegemea ukuta, akaguna. Dada hakubanduka. Aliogopa, tena sana. Mama huyu asipokula leo, kesho watamlisha kwa mipira ya puani hospitalini.

Kitanda kikalia. "Nani?"

"Mimi, mama. Dada."

"Dada simjui."

Lilimchoma hilo, tusidanganyane. "Basi ni mgeni, mama. Naomba kuingia."

Kandambili zikaburuzika, mlango ukafunguka. Mama Pacha akamtazama pale chini, na uso uliokunjamana tangu jana ukalegea.

"Maskini, ndiyo kwanza umefika? Karibu, mwanangu, inuka. Usiogope, humu ndani hatuingii kwa mtu bila hodi." Akaliona bakuli. "Umekula lakini?"

Dada alikuwa ameshiba chakula cha mchana. "Bado, mama."

"Bado! Na hawa wanakutazama tu?" Akamvuta mkono, akamketisha kitandani, akachukua kijiko. Kijiko cha kwanza akamlisha Dada. Cha pili akala mwenyewe.