Nafasi ya Ambrose Tierney

Orodha ya wachezaji ilibandikwa Ijumaa jioni kwenye dirisha la kinyozi, kama kila wiki, na Kon Tierney akaisoma mara mbili. Kwenye nafasi ya mfungaji, mbele ya goli la wapinzani, mahali alipotarajia kuona jina lake, palikuwa na jina la kaka yake Ambrose, ambaye walimzika Jumanne.

Alikwenda kwa nahodha, fundi viatu aitwaye Jukes, akamkuta akigongomea vipande vya ngozi kwenye soli ili zishike vizuri kwenye tope la Juni.

"Kaka yangu amekufa," Kon alisema.

"Najua. Jeneza nililibeba mimi, upande wa kushoto," Jukes akajibu, misumari ikiwa mdomoni. "Lakini amepita hapa asubuhi, kasema atacheza. Na wewe, Kon, tuambizane ukweli, mpira wa juu huudaki." Katika mchezo wao mfungaji naye aliudaka mpira kwa mikono, hata kwa kumpanda beki mgongoni.

Jumamosi Ambrose alikuja, mweupe kwa chokaa hadi kifuani. Mwamuzi alimkagua viatu kama alivyowakagua wengine, akamruhusu. Alipokuwa hai aliruka mpaka magoti yakagusa mabega ya beki. Sasa, kwa kuwa hakuwa na uzito, aliupanda mgongo wa mtu kama anapanda ngazi, akaudaka mpira huko juu bila haraka. Alifunga magoli manne. Wapinzani walilalamikia jambo moja tu, kwamba chokaa iliwachafulia jezi.

Kon alitazama akiwa nje ya uzio. Tangu wakiwa wadogo mitaa yote ya Collingwood ilimwita "mdogo wake Ambrose", kana kwamba hakupewa jina. Kaburini, kabla chozi halijamtoka, alishaihesabu nafasi ile kuwa yake. Sasa alimwonea wivu maiti, na hakuwa na wa kumweleza. Jumapili mama yao alimpakulia Ambrose kipande cha kondoo chenye mafuta. Ambrose hakula, maana hakuwa akila tena. Kon alipokinyooshea mkono, mama alimwambia amwachie mwenzake, amecheza jana.

Ambrose alifia kwenye kiwanda cha ngozi cha Bwana Hartnoll, walikofanya kazi wote wawili. Ubao wa kuvukia shimo la chokaa, walimoloweka ngozi, ulikuwa umeoza tangu mwaka uliotangulia, na msimamizi aliambiwa mara mbili. Ulipovunjika naye akatumbukia, Hartnoll, ambaye ndiye pia mwenyekiti wa timu, alimwomba Kon amwambie hakimu kwamba marehemu alikuwa amelewa. Kon akasema hivyo, akatia sahihi. Ambrose hakuwahi kuonja hata bia.

Wiki ya nne walirudi pamoja kutoka uwanjani, wakiufuata mto.

"Ile habari ya pombe sikuipenda," Ambrose alisema.

Kon alitazama viatu vyake.

"Umenifanya mlevi mbele ya mama. Basi, yamepita. Ule ubao wameshaubadilisha?"

"Bado. Wamepigilia kipande cha bati."

"Waambie waubadilishe, mdogo wangu. Ukibadilishwa mimi nitalala, na mbele utacheza wewe."

Jumatatu Kon aliwahi ofisini kuliko siku zote. Hartnoll alimsikiliza kwa adabu, akamimina chai. Alieleza kwamba kuubadilisha ubao kungekuwa sawa na kukiri kwamba ulikuwa umeoza. Kisha akauliza kama ni kweli Ambrose angelala. Kon akasema ndivyo alivyoahidi. Hartnoll akautazama msimamo wa ligi ukutani. Timu ilikuwa ikiongoza kwa mara ya kwanza baada ya miaka kumi na mmoja.

"Basi ubao utakaa," alisema.

Kon alichonga ubao mpya wa mkaratusi, akaupigilia mwenyewe Jumapili, kabla ya misa. Kesho yake, kufikia saa ya chai, ule uliooza ulikuwa umerudishwa, na ule mpya ulifanywa benchi kwenye chumba cha kubadilishia nguo. Ambrose aliukalia hadi mwisho wa msimu.

Septemba walichukua kombe. Mpiga picha aliwapanga, akawaomba wasitikisike, na Ambrose peke yake, katikati ya mstari wa mbele, ndiye aliyetoka bila ukungu. Kon alisimama nyuma ya kamera, amewashikia makoti.

Kiangazi Hartnoll alimwajiri mkata miti kutoka misitu ya Gippsland, Silas Orrock, ambaye watu walisema hakuna anayeruka kama yeye katika koloni zima. Alipewa kazi kwenye shimo la chokaa, juu ya ubao uleule.

Kon alizipata habari hizo wakati wa chai. Aliweka kikombe chini, akapanda ofisini, akasimama na kofia mkononi. Alisema amekikwangulia kiwanda kile ngozi miaka tisa bila kukosa siku. Akauliza kwa nini kazi ya shimoni hakupewa yeye.

Hartnoll alimpima kwa macho, akaahidi kumfikiria msimu ujao. Kon akamshukuru.