Deskitopu ya Shemeji

Akufukuzaye hakwambii toka, hasa akiwa shemeji yako na wazee wa ukoo wangali hai. Peniel hakuthubutu kumwambia Stumai aondoke dukani. Alichofanya ni kumwita fundi.

Lilikuwa duka la uchapaji na fotokopi mjini Singida, katika chumba kilichokuwa ghala la ushirika kabla ushirika haujafa na kila mwenye chochote kujinunulia kipande chake. Peniel alikinunua pamoja na mdogo wake Urbano. Urbano alipofariki, kikao cha ukoo kule Ihanja kilitamka kwamba mjane wake, Stumai, atakaa kwenye kiti cha mumewe, na hakuna wa kumwondoa mpaka mwenyewe aseme ameshindwa. Peniel aliitikia kwa kichwa, moyoni akakataa. Kiti kile alishamwahidi Jenipher, mpwa wa mkewe.

Stumai naye alikuwa na siri. Mtoto wa jicho alishaziba jicho la kulia, na la kushoto liliona ukungu. Akikosa kiti kile hakuwa na pa kwenda ila kwa kaka zake Sepuka, akawe mzigo wa wake zao. Kilichomwokoa ni mazoea. Urbano, mtundu wa watu, aliweka mfumo wa Linux kwenye kompyuta ya duka baada ya kuchoshwa na virusi vya flashi za wateja, kisha akampangia mkewe kila kitu mahali pake: menyu kona ya chini kushoto, maandishi makubwa, faili kufunguka kwa kubofya mara mbili. Kompyuta ikishawaka ilipiga ngoma fupi, naye akajua aanze kazi. Hivyo ndivyo alivyochapa mitihani, kadi za harusi na ratiba za mazishi, na hakuna aliyemgundua. Au ndivyo alivyoamini, maskini.

"Shemeji, dunia inakwenda," Peniel alimwambia siku fundi Fabiano alipofika. "Wateja wanaicheka hiyo sura ya kizamani. Huyu anatuwekea deskitopu mpya hapo kwenye kioo."

"Na faili zangu?"

"Zote zinabaki, mama," Fabiano alisema. "Kinachobadilika ni sura tu."

Sura tu! Mhamishie kipofu vyombo vya nyumba nzima, halafu mwambie umebadilisha sura tu.

Fabiano aliingiza sidii, akaandika maneno yake, mashine ikakoroma, ikazimwa na kuwashwa. Ngoma haikulia. Stumai alipeleka mshale kona ya chini kushoto akakutana na alama ya kapu la taka, panapoangukia vilivyofutwa. Menyu ilikuwa imepanda juu, imekuwa ndogo kama punje ya uwele. Alibofya faili mara mbili, nalo likafunguka mara mbili, kwa sababu sasa mara moja ilitosha.

"Ile ya zamani iko wapi?" aliuliza.

"Imeondoka, mama. Utaizoea hii."

Stumai aliomba abaki jioni ajifunze. Peniel akasema anaumwa kichwa, akafunga duka mapema.

Asubuhi Stumai akawakuta wazee wawili wa ukoo kwenye benchi la duka, Kefa na Damiani. Eti wamekuja kuona maendeleo.

"Shikamooni, baba zangu."

"Marahaba, mkwe wetu."

Muda si mrefu akaingia mwalimu Joseph kuchukua mtihani wake, maana naye alikuwa ameitwa na Peniel. Stumai alilitafuta faili pale lilipokaa siku zote. Alibofya, madirisha yakafunguka mawili, akafunga moja, akagusa asichokijua. Kikajitokeza kiboksi chenye swali. Hakuweza kulisoma, na aliona aibu kuinamia kioo mbele ya wakwe, basi akabonyeza kitufe cha kukubali kama alivyozoea.

"Dada, umefuta mtihani wangu!" mwalimu alipiga kelele.

Jenipher alikuwa nje, kibegi kwapani. Peniel alimwita, binti akaufukua mtihani kwenye kapu la taka na kuuchapa kabla mwalimu hajamaliza kulalamika. Wazee wakatazamana.

"Mkwe," Kefa aliuliza kwa upole, "umeshindwa au hujashindwa?"

Angewaambia habari za macho? Kipofu wa kuchapa mitihani nani anamtaka?

"Nimeshindwa, baba," akasema. Peniel akawaagizia wazee soda.

Siku ya pili Stumai alirudi kukabidhi ufunguo. Alipofika mlangoni akasikia ngoma. Ngoma ile ile ya Urbano. 

"Jenipher haipendi ile mpya," Peniel alikuwa akisema ndani.

"Hii ya zamani haikwenda popote, mzee," Fabiano akajibu. "Kila ukiwasha, kioo kinakuuliza unataka ipi."

Stumai aliingia. Hata shikamoo alisahau. "Shemeji, niliambiwa imeondoka, nawe ulisikia! Ilikuwepo!"

"Ilikuwepo," Peniel alisema, wala hakupandisha sauti. "Swali la unataka ipi lilikuwa hapo kwenye kioo, shemeji. Mwenye macho angelisoma."

Kumbe alijua. Alijua siku zote, tena pengine kabla ya kumwita fundi.

 Stumai alipiga hatua zake za kila asubuhi, akaweka ufunguo kwenye pembe ya meza, mahali pake. Meza ilikuwa imeshahamishwa. Ufunguo ulianguka sakafuni, na mle ndani hakuna aliyeinama kuuokota.